Milingoti Kwenye Chemchemi

Siku kumi za mwanzo tulichimba mashimo. Miche haikuwa imefika, lakini ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya kambi ilisema wiki ya kwanza ni ya mashimo, na sisi tukachimba. Jioni mvua inanyesha, inayafukia nusu. Asubuhi tunayazibua. Siku ya sita Mpolandi mmoja mrefu, fundi umeme huko kwao, aliniuliza kwa Kiingereza chake cha kukatakata kama miti ya huku huwa inakuja yenyewe kwa miguu. Sikucheka. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na nilikuwa nimesafiri siku tatu kwa basi kutoka Kakamega nije kupanda miti, si kuzibua mashimo yale yale.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka nafundisha habari za vyanzo vya maji, na kila mwaka nikitoka darasani naona kile kijito cha nyuma ya shule yetu kimezidi kukonda. Mwaka ule nikaona aibu ya kusema tu. Nikaomba nafasi kwenye kambi ya kujitolea, likizo ya Desemba, wiki tatu, kijiji kimoja cha kata ya Hasamba wilayani Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania. Karatasi walizonitumia zilieleza kazi vizuri: kurudisha uoto wa asili kuzunguka chemchemi ya kijiji kwa kupanda miti rafiki wa maji, hasa mivengi. Mvengi ni mti wa porini unaopenda kusimama kwenye unyevu, una tunda dogo la zambarau ambalo watoto hulila mpaka ulimi unabadilika rangi. Hata kwetu upo, kwa jina jingine. Nilisoma zile karatasi mara mbili, nikajaza fomu.

Nina sababu yangu ya kuwa mkali kwa habari ya miti na maji. Nilipokuwa darasa la nne, baba alipanda mikaratusi kwenye kipande chetu cha bondeni, juu kidogo ya chemchemi iliyotumiwa na nyumba zaidi ya ishirini. Mikaratusi inakua upesi, na baba alitaka nguzo za kuuza ili tusome. Tulisoma. Nilipofika kidato cha pili chemchemi ilikuwa tope, na mama yangu alikuwa anavuka vilima viwili kwenda kuchota kwa watu ambao hawakufurahi kumwona. Hakuna aliyemtukana baba mbele yake. Walimtukania mama, kwenye foleni ya maji.

Basi nilikuwa kambini, tukiwa watu kumi na mmoja kutoka nchi saba, na kiongozi wetu alikuwa kijana wa Dar es Salaam wa miaka ishirini na sita hivi, msafi, mwepesi wa maneno, aliyesomea maendeleo ya jamii. Tulimwita Kiongozi tu. Mimi nililazwa kwa mama mmoja wa makamo ambaye mume wake alikuwa akifanya kazi Tunduma na kurudi mwisho wa wiki. Alikuwa na kahawa na migomba juu mlimani, mahindi katikati, na sauti nzito ya kwaya ambayo aliitumia hata kufukuza kuku. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaniitikia marahaba mwanangu, lakini akitaka kunisema aliniita Mwalimu. Wiki ile ya mashimo alininyooshea kidole mara moja tu.

"Mwalimu, nyie mnapumzika saa ngapi mkapalilie?"

"Kupalilia nini, Mama?"

"Mahindi. Watu wote wako kwenye palizi. Kiongozi wenu anapita nyumba kwa nyumba anataka watu wa kuchimba mashimo, wakati majani yanatumeza."

Nilimpelekea Kiongozi maneno hayo. Alisema kambi za kujitolea hupangwa kwa likizo za wanaojitolea na kwa mvua, hazipangwi kwa palizi. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayesoma kanuni. Niliona kuna ukweli ndani yake, na ndiyo maana ulinikera.

Siku ya kumi na moja akaniomba nifuatane naye Chapwa, kule Tunduma, kuchukua miche. Alinichagua kwa sababu nilikuwa mwalimu na nilijua kuhesabu, na kwa sababu, nadhani, nilikuwa nimeuliza habari za miche mara nyingi kuliko wengine. Tulipanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mimi na yeye na dereva tumebanana mbele, tukaikuta foleni ya malori mapema, yamesimama kichwa kwa mkia kuelekea mpakani, madereva wengine wamefua nguo na kuzianika kwenye vioo. Dereva wetu alikuwa anapita pembeni, tairi mbili barabarani mbili kwenye tope, huku akinung'unika.

Kitalu kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Mwenye kitalu alikuwa anaagana na wateja wake Wazambia, mume na mke waliopakia miparachichi. Akawaambia natotela, asante ya kwao, wakamjibu, wakaondoka. Kisha akatugeukia na Kiswahili chake cha haraka.

"Karibuni. Mzigo wenu uko tayari. Milingoti elfu tatu."

Nilisikia neno milingoti na akili yangu ikaenda kwenye bendera ya shule. Nilidhani kuna mzigo mwingine wa nguzo ambao sikuambiwa. Nikamwuliza Kiongozi, nguzo za nini? Alikuwa anamwangalia mwenye kitalu.

"Tuliandikiana mivengi," Kiongozi akasema.

"Mivengi hakuna, kaka. Mbegu yake ukiiweka ikakauka imekufa. Inataka kuokotwa mbichi na kupandwa siku hiyo hiyo, na mtu wangu wa porini aliumwa. Nilikupigia."

"Hukunipigia."

"Nilikupigia, simu haikupatikana. Lakini milingoti ipo, mizuri, imekomaa, inataka ardhi."

Akatupeleka. Nilipoona yale majani marefu ya kijivu, na nilipolifikicha moja na harufu ikapanda puani, nikajua mlingoti ni nini. Ulikuwa mkaratusi wa baba.

Niliinama pale nikiwa nimeshika jani. Safu kwa safu, viriba vyeusi vimepangwa vizuri, kila mche una urefu wa kiganja na nusu. Mwenye kitalu hakuwa mwongo kuhusu hilo. Ilikuwa miche mizuri.

"Kiongozi, hii hatuwezi kuichukua," nikasema.

"Tuongee kwenye gari."

"Tukiongea kwenye gari itakuwa imeshapakiwa."

Akanivuta pembeni, karibu na pipa la maji. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, nisikilize. Mgeni wa wafadhili anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Nikimwonyesha mashimo matupu, kijiji hiki hakitapata kambi nyingine, na mimi sitapata kazi nyingine. Miti ni miti. Inazuia mmomonyoko, inaleta kivuli."

"Hii inakunywa maji. Nimeiona ikinywa."

"Ikipandwa michache haina shida."

"Elfu tatu ni michache?"

Akafikicha paji la uso. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa kijana. "Naomba kitu kimoja tu," akasema. "Tusibishane mbele ya wanakijiji. Wakituona tumegawanyika hawatapanda chochote, hata hiyo mivengi ikija baadaye. Niahidi."

Nikamwahidi. Siku nyingi nimejaribu kukumbuka kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mimi mwenyewe, shuleni kwetu, huwa nawaambia walimu wapya kitu hicho hicho: tusibishane mbele ya watoto. Basi nikapakia milingoti kwa mikono yangu, nikihesabu. Njiani kurudi dereva, aliyehisi joto la pale mbele, akawasha redio.

Mkutano wa kijiji uliitishwa kesho yake asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Walikuja watu kama sitini, wengi wanawake, wengine wana majembe begani kwa sababu walitaka kutoka pale moja kwa moja kwenda kwenye palizi. Mwenyekiti wa kijiji alifungua kwa sala. Kiongozi akasimama akaeleza kwamba miche ya kuhifadhi chanzo cha maji imefika, na kwamba itapandwa bondeni kote kuzunguka chemchemi, mahali ambapo, alisema, kwa sasa pako wazi na hapana kazi. Alisema kila kitu vizuri. Hakutaja jina la mti.

Mama mwenyeji wangu akanyoosha mkono. Alikuwa ameshapita kwenye kirikuu na kuangalia.

"Mimi nauliza," akasema. "Hiyo niliyoiona ni milingoti. Mlingoti na maji vinakaa pamoja?"

Kiongozi akasema wataalamu wameshauri, na kwamba ikitunzwa vizuri haina madhara. Mama hakuketi. Aligeuka akaniangalia mimi, nikiwa kwenye benchi la wageni na wenzangu.

"Nataka kumsikia Mwalimu. Yeye ametoka mbali lakini ni mkulima kama sisi, amenisimulia kwao kuna kahawa na mahindi. Mwalimu, kwenu mti huu mnaupanda kwenye maji?"

Watu wote wakanigeukia. Kiongozi hakuniangalia, aliangalia karatasi zake. Nilisimama. Nilikuwa na jibu la neno moja, na neno lenyewe nililijua tangu nikiwa kidato cha pili.

Nikasema, "Kila mahali pana udongo wake, Mama. Naona tumsikilize Kiongozi."

Nikaketi. Mama alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyenyoosha bakuli na hajawekewa kitu. Kisha wanawake wakaanza kusemezana kwa Kinyiha, na mimi sikuelewa hata neno moja. Mwenyekiti akauliza kama tumekubaliana, baadhi wakasema ndiyo, na mkutano ukafungwa upesi kwa sababu ya palizi.

Tulipanda kwa siku tatu. Ardhi ya bondeni ilikuwa laini, mashimo tuliyoyachukia sasa yakawa na kazi, na mvua ilitii. Wenzangu walikuwa na furaha ya kweli baada ya kungoja kote kule. Waliimba, walirushiana tope, walipiga picha wakiwa na mche mkononi. Sikuweza kuwaharibia na sikuweza kuimba nao. Nilipanda mstari wangu kimya, nikishindilia udongo kwa kisigino zaidi ya ilivyohitajika. Siku ya tatu mwenyekiti alikuja na kibao kilichopakwa rangi nyeupe: USIKATE, USICHUNGE, USING'OE. Akatangaza kwamba atakayeng'oa mche atapigwa faini na serikali ya kijiji.

Jioni ile nilimkuta Mama jikoni anachambua maharage ya kande. Nikaketi kwenye kigoda, nikachota maharage nianze kumsaidia. Aliyasogeza karibu nami. Nikamweleza yote. Habari ya baba, ya chemchemi yetu, ya mama yangu kwenye foleni. Nikamweleza na ahadi niliyoitoa Chapwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kuchambua.

"Ulikuwa na mdomo siku ya mkutano," akasema.

"Nilikuwa nao, Mama. Nisamehe."

"Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu najua wao hawatanijibu. Sisi tukisema milingoti inakausha maji, tunaambiwa ni imani za wazee. Nikajua Mwalimu akisema, wataandika." Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Sasa mti umeshapandwa na kibao kimeshasimama. Unaniambia ili nifanyeje?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwambia ili nipunguze uzito wangu, na yeye alikuwa ameliona hilo.

Asubuhi yake hakunipa chai kwanza. Alivaa gambuti, akaniambia nimfuate. Tukashuka bondeni. Akapita katikati ya miche yetu kwa uangalifu, asikanyage hata mmoja, kisha akainama akafunua majani marefu kwa mikono miwili. Chini yake kulikuwa na tuta. Akasogea hatua chache, akafunua tena, tuta jingine. Bonde lote lilikuwa na matuta ya zamani chini ya nyasi.

"Hapa ni kwangu. Kuanzia pale kwenye mgomba ni kwa mke wa shemeji yangu. Pale chini ni kwa bibi mmoja ambaye hawezi tena kupanda mlimani," akasema. "Nyie mmekuja Desemba, mkaona majani, mkasema pako wazi. Njoo mwezi wa nane. Juu kote kumekauka, hapa kuna kabichi, kuna maharage mabichi, kuna mboga za kila nyumba. Hakuna aliyetuuliza tunalima lini."

Hapo hasira ikanipanda, na haikuwa kwa Kiongozi peke yake. Siku kumi nilichimba mashimo kwenye bonde lile na jembe langu lilikuwa likigonga matuta. Nilikumbuka hata kujiuliza kwa nini udongo unapanda na kushuka. Sikuuliza mtu.

Tulikwenda pamoja kwa Kiongozi. Alikuwa ofisini anaandika ripoti. Alimwamkia Mama kwa heshima, akampa kiti chake, akasimama yeye. Mama akamweleza habari ya bustani. Kiongozi alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mama, sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Hizo bustani zenyewe hazikutakiwa kuwepo."

"Najua," Mama akasema. "Sheria hiyo imetukuta hapo. Zangu ziko ndani, sikatai. Mwenyekiti akija akaniambia toka, nitatoka, nitalalamika lakini nitatoka. Lakini umetutoa sisi kwa ajili ya maji, halafu umeweka mnywaji mkubwa kuliko sisi. Hilo ndilo linalonishinda, kijana wangu."

Kiongozi alipekua kurasa za daftari lake. Nje Mpolandi alikuwa anapiga nyundo mpini wa sururu.

"Picha zimeshatumwa," hatimaye akasema. "Siwezi kung'oa kabla ya Ijumaa."

"Na baada ya Ijumaa?" nikauliza.

"Baada ya Ijumaa siku zinabaki mbili. Jumamosi watu wanakwenda kuona Kimondo, imo kwenye ratiba. Jumapili ni kuaga. Nani atahamisha?"

"Mimi."

"Peke yako, miche elfu tatu?"

"Ile iliyo karibu na jicho la maji. Tuihamishie juu, kwenye mpaka wa shamba la shule. Kule haimdhuru mtu, na watapata nguzo."

Alifunga daftari. "Ya karibu na jicho la maji," akasema. "Nitaongea na mwenyekiti asimtoze mtu. Lakini kwenye ripoti haitaonekana, Dada. Naomba uelewe."

Nilielewa, na kuelewa huko kukanikera kuliko kama angekataa. Siku zilizobaki mpaka Ijumaa niliishi kama mtu anayelinda kitu asichokitaka. Nilipiga dawa kwenye miche iliyoshambuliwa na mchwa. Nilifundisha watoto wa kijiji wimbo wa miti kwa ajili ya mgeni. Mgeni mwenyewe alikuja na gari refu jeupe, mwanamke wa makamo mwenye adabu, akashuka hadi kwenye kibao, akauliza maswali mazuri mawili au matatu. Aliuliza kama wanawake wameshirikishwa. Kiongozi akasema wameshirikishwa tangu mwanzo. Mama alikuwa hatua tano kutoka pale, amevaa kitenge chake cha kanisani, na aliniangalia mimi kwa muda.

Nilifungua mdomo safari hii. Nikasema, "Samahani, mti huu hautakiwi kukaa hapa." Mgeni akanigeukia, akatabasamu, akasema mazungumzo ya aina hii ni muhimu sana na angependa niyaandike kwenye fomu ya tathmini. Kisha dereva akamkumbusha kwamba wanasubiriwa kata ya Ruanda kabla ya saa nane. Akaenda. Jambo zima halikuchukua hata dakika mbili.

Jumamosi wenzangu wakaenda kwenye Kimondo. Mpolandi alibaki. Nilikuwa nimemweleza kwa kifupi usiku wa Ijumaa, naye alisema tu kwamba mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni yanaweza kungoja. Tulishuka saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuja na wanawake watano, wameacha palizi zao, na yule bibi asiyeweza kupanda mlimani alikuja akaketi kwenye ukingo na kutukatia kamba za migomba za kufungia mizigo.

Kuhamisha mche uliokwisha kupandwa si kama kupanda. Unachimba mviringo, unainua na bonge lake, unalifunga kwenye jani la mgomba, unalibeba kichwani mpaka juu, na mteremko ule ulikuwa mkali. Kila safari mtu anabeba sita, saba. Mvua ambayo ilinyesha kila siku tangu nifike haikunyesha siku ile. Jua likawaka kuanzia saa tatu. Kufikia saa sita tulikuwa hatujamaliza hata duara la kwanza kuzunguka chemchemi, na ile tuliyoifikisha juu ilikuwa imeshaanza kulaza majani.

Saa nane hivi Kiongozi alikuja. Nilidhani amekuja kutuambia mwenyekiti amekataa. Akavua viatu vyake, akavipanga juu ya jiwe, akakunja suruali, akachukua jembe lililokuwa limelala. Alichimba mpaka jioni bila kuongea na mtu. Mara moja tu, tulipokutana njiani, mimi napanda na yeye anashuka, aliniambia, "Hata mivengi ingekuja, wangesema nimechelewa." Nikamwambia najua.

Tulihamisha kama theluthi ya ile tuliyokusudia. Jumapili tukaagwa. Kwaya iliimba, Mama akiwa safu ya nyuma na ile sauti yake, na kila mmoja wetu akapewa cheti. Mama alinipa kahawa aliyoikaanga mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti. Alinikumbatia vizuri. Alisema, "Nenda salama, Mwalimu," na sikujua kama ni lile Mwalimu la kunisema.

Nilipofika nyumbani niliandika fomu ya tathmini kurasa nne, nikaituma. Baada ya mwezi nikapata jibu la kunishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea, na mwaliko wa kambi nyingine, nchi nyingine, miti tena. Niliandika tena nikauliza kama kuna mtu aliyesoma. Jibu la pili lilikuwa lile la kwanza.

Mama na mimi tunapigiana simu. Mwezi wa pili aliniambia miche tuliyoipandisha juu karibu yote imekufa, jua liliipiga na mbuzi wakamalizia. Ya bondeni ilikuwa imemfika magotini. Mwezi wa tano ilimfika kifuani. Akikata majani ya ng'ombe, panga lilikuwa linateleza na kupitia mlingoti, kwa bahati mbaya, aliniambia, na sauti yake haikuwa na bahati mbaya ndani. Lakini mlingoti ukiukata unachipua pale pale, mashina matatu badala ya moja. Nilimwambia hivyo. Akasema ameshaliona.

Kiangazi kile maji hayakukauka, lakini yalipungua, na ndoo ilichukua muda kujaa. Watu walianza kuisema milingoti palepale penye maji wakati wanangoja. Mwenyekiti naye mke wake alikuwa kwenye foleni. Mwezi wa tisa waliitisha mkutano mwingine, na safari hii hakukuwa na mgeni hata mmoja. Wakakubaliana milingoti ing'olewe na mizizi yake, wenye bustani wafanye kazi hiyo wenyewe, na kisha wao pia waondoke ndani ya zile mita sitini. Mama alisema bibi yule alilia kidogo, akapewa kipande kando ya bonde, mbali na maji.

Nilimwuliza wameng'oa yote?

"Bado," akasema. "Tumefanya siku nne na sururu, mizizi imeshashika. Palizi ikianza tutaacha, tutaendelea mwakani."

Nikamwambia ningekuwepo ningesaidia. Nikasikia kuku na mtu anaita kwa mbali. Kisha akaniuliza kama kwetu mvua zimeanza, nikamwambia zimeanza, zimechelewa lakini zimeanza, na tukaongea habari za mahindi mpaka salio likaisha.